Dakta Leakey na isnadi ya mifupa

Hapa Kuze, baada ya sala ya alasiri, wazee hutoka msikitini wakakaa barazani, na muuza kahawa akapita na dele lake akigonga vikombe. Hakuna neno lisilopitia baraza hizo: bei ya papa, arusi ya fulani, siasa za bara, mpaka habari za kuandama mwezi. Juzi alipita mvulana wa skuli na kitabu chake cha tarehe, akamsomea babu yake jina refu lililoandikwa chini ya picha ya fuvu la kichwa: Zinjanthropus. Mzee hakuujali mkia wa jina lile, ila alishituka kwa mwanzo wake. Zinji analijua. Ndilo jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani hii yetu na watu wake. Al-Masudi aliliandika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wengi husema Zanzibar yenyewe imelipata jina lake humo. Sasa limefikaje juu ya fuvu lililookotwa bara, tena likabandikwa na Mwingereza?

Swali hilo laweza kujibiwa kwa maneno mawili matatu, lakini mtu mwenyewe hatoshi kwa maneno mawili matatu. Aliyetoa jina ni marehemu Dakta Louis Leakey, mzaliwa wa nchi hii, aliyefariki mwaka wa 1972. Wengi wamjua kwa sifa zake. Leo napenda tumtazame na katika aibu iliyompata, maana humo ndimo mlimo na mafunzo kwetu sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani.

MTOTO WA KABETE

Alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mmishenari wa kanisa la Kiingereza. Mama yake, Mary Bazett, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya misheni hapa Mombasa kabla ya kuolewa, mwishoni mwa karne iliyotangulia, mpaka maradhi yakamrudisha kwao. Kwa hivyo kisiwa chetu kilimjua mama kabla bara haijamjua mwana.

Louis alikua pamoja na watoto wa Kikuyu. Lugha yao akaisema kama wao, akaingizwa katika rika lao kwa mila zao, akapewa jina la Wakuruigi, na alipobaleghe akajijengea kibanda chake mwenyewe kama vijana wenziwe. Alipofika kiasi cha miaka 12 hivi alipelekewa kutoka Uingereza kitabu cha watoto kinachoeleza watu wa zama za mawe. Kijana akatoka nje kutafuta mawe kama yale. Akaokota vipande vyeusi ving'aavyo kama kioo, ambavyo wazee wa Kikuyu walivihesabu kuwa ni nyembe za mizimu. Watu wa nyumbani walimcheka. Lakini Bwana Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la Nairobi, alivitazama akamwambia kwamba baadhi yake ni zana za kweli zilizochongwa na binadamu wa kale. Tangu siku hiyo kijana akajua atakalolifanya maishani mwake.

Mwaka wa 1922 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata aliumia kichwa katika mchezo wa ragbi, na daktari akamwamuru aache masomo kwa muda. Shari ikazaa kheri. Mwaka wa 1924 alipata kazi katika safari ya jumba la makumbusho la Uingereza iliyokwenda Tendaguru, nyuma ya Lindi, kuchimba mifupa ya madinosau. Mkuu wa safari, William Cutler, aliugua huko akafa mwaka wa 1925. Leakey alirudi Cambridge akiwa amejifunza namna mfupa mkongwe unavyotolewa ardhini usivunjike, akamaliza masomo yake mwaka wa 1926 kwa daraja ya juu.

Siku zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakitafuta asili ya binadamu katika Asia, huko Java na Uchina. Profesa Raymond Dart alikwisha kutangaza mwaka wa 1925 fuvu la mtoto lililopatikana Taung, Afrika Kusini, na wakubwa wa elimu wakampuuza. Leakey naye alionywa asiupoteze wakati wake Afrika. Hakusikia. Yeye alizaliwa huku, na moyo wake ulimwambia kwamba siri imelala huku.

DAU LA OLDUVAI

Baina ya Ngorongoro na Serengeti, katika nchi ya Tanzania, pana bonde lililochimbwa na maji mpaka kuta zake zikaonyesha matabaka ya ardhi moja juu ya moja, mfano wa keki ya arusi iliyokatwa kisu. Wamasai waliita mahali hapo Oldupai, kwa jina la mkonge wa mwitu unaoota huko. Wazungu wakakosea kusikia, wakaandika Olduvai. Profesa Hans Reck wa Ujerumani alichimba hapo mwaka wa 1913, akakuta mifupa mizima ya mtu. Mwaka wa 1931 Leakey alimchukua Reck wakarudi pamoja. Reck alikuwa na hakika kwamba hapana zana za mawe bondeni. Leakey akaweka dau la pauni 10 kwamba atazipata kabla ya kupita saa 24 tangu kufika. Akashinda dau.

Alikuwa na miaka 28. Mwaka wa 1932 wakachimba Kanam na Kanjera, karibu na Homa, kando ya Ziwa Victoria. Huko Kanam, Juma Gitau, mmoja wa wachimbaji wake, alipasua pande la udongo mgumu akakuta ndani yake kipande cha taya chenye meno. Kanjera nako yakapatikana mafuvu. Leakey akatangaza kwamba taya lile ni la mtu wa kweli, mkongwe kuliko wote waliopata kujulikana duniani. Mwaka wa 1933 mkutano wa wataalamu huko Cambridge ukamkubali. Jina lake likapaa.

Hata mwaka wa 1935 akaja Profesa Percy Boswell, bingwa wa elimu ya miamba. Hakuja kubishana juu ya sura ya taya. Alikuja na swali moja tu: nionyeshe mahali lilipotoka. Leakey akamchukua Kanam, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia. Vigingi vya chuma alivyovisimika kuweka alama havikuwapo tena. Ilisemekana wenyeji walivichukua kwa matumizi yao. Mvua zilikwisha kuikata ardhi upya. Na picha aliyokuwa ameitoa kama ni ya mahali pale, ikabainika kuwa ni ya mahali pengine. Boswell alirudi Uingereza akaandika katika jarida la Nature yale aliyoyaona. Pale pale jina lililopaa likaanguka. Na ile mifupa ya Reck, ambayo Leakey naye alikubali kuwa ni ya kale mno, nayo ilikwisha kuonekana kuwa ni ya mtu wa karibuni tu, aliyezikwa kwa kuchimbiwa kaburi ndani ya tabaka la zamani.

MFUPA USIO NA ISNADI

Msomaji aliyesoma chuoni atafahamu kwa wepesi kosa la Dakta Leakey lilikuwa wapi. Twafunzwa tangu utotoni kwamba habari haikubaliwi kwa uzuri wake. Huulizwa: umeipokea kwa nani, naye kwa nani, mpaka chanzoni. Ikikatika pete moja katika mnyororo huo, habari hudhoofika hata kama ni tamu namna gani. Mfupa nao una isnadi yake, na isnadi hiyo ni ardhi. Ni tabaka gani ulimolala? Chini yake palikuwa na nini, na juu yake nini? Nani aliuona, siku gani, na aliandika wapi? Ukikosa majibu haya, mfupa umebaki mfupa tu.

Mimi mwenyewe nililifahamu jambo hili kwa hasara. Nilipokuwa kijana, mafundi walichimba msingi wa nyumba moja mtaani kwetu, nami nikaona katika kifusi kigae cha sahani ya Kichina, cheupe chenye maua ya buluu. Nilikichukua, nikakiosha, nikakiweka kabatini kwa fahari. Baada ya miaka nikamwonyesha mtu mwenye ujuzi. Akakipenda, kisha akaniuliza kimetoka kina gani, na kilifuatana na vitu gani. Sikuwa na jibu. Msingi ulikwisha kufunikwa kwa saruji, na mafundi walikwisha kutawanyika. Kigae ninacho mpaka leo. Ni kizuri kutazama, lakini hakina la kuniambia juu ya watu wa Kuze waliokula katika sahani ile.

Lililomwangusha Leakey ni hilo hilo, ila lake lilitokea mbele ya dunia nzima.

Msiba mwingine aliujenga kwa mikono yake. Alikuwa na mke, Frida, aliyemwoa mwaka wa 1928, na watoto wawili wadogo. Akamwacha, na mwisho wa mwaka wa 1936 akamwoa Mary Nicol, binti hodari wa kuchora zana za mawe. Watu wa Cambridge hawakumsamehe, na milango ya kazi ikafungwa. Hatuna haja ya kulipamba jambo hilo. Lakini yapasa isemwe pia kwamba Bi Mary ndiye aliyekuwa na subira ambayo mumewe alikuwa hana. Louis alikuwa mtu wa moto, wa maneno mengi, wa kutangaza leo lililopatikana jana. Mary alikuwa mtu wa kupima, kuchora na kuandika kila kijiwe mahali pake.

Huko Olorgesailie, katika Bonde la Ufa, walipokuta mamia ya shoka za mawe zimetapakaa, nyingi waliziacha pale pale zilipolala, na wageni huenda kuzitazama mpaka hivi leo. Mwaka wa 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Bi Mary akapata fuvu la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi kiasi cha miaka 18,000,000 iliyopita. Louis naye alikuwa amechukua kazi ya kulitunza jumba la makumbusho la Nairobi, lililoitwa Coryndon siku hizo. Mwaka wa 1947 alikusanya mjini humo mkutano wa kwanza wa Afrika nzima juu ya mambo ya kale.

Ukurasa mmoja wa maisha yake una giza, nao hatuwezi kuupindua upesi. Vita vya Mau Mau vilipozuka, mtu huyu aliyehesabiwa mwana wa Wakikuyu alisimama upande wa serikali ya kikoloni. Aliandika vitabu viwili dhidi ya Mau Mau. Katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria, iliyoanza mwaka wa 1952, alikaa kama mkalimani wa korti, mpaka mawakili wa utetezi walipoilalamikia tafsiri yake naye akajitoa. Wako Wakenya waliokufa bila ya kumsahaulia hilo, na haki yao. Kujua lugha ya watu si sawa na kuwa pamoja nao siku ya dhiki.

FUVU LA ZINJI

Twarudi bondeni Olduvai. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala hemani na homa. Bi Mary akatoka na mbwa wake kwenda kutembea mahali paitwapo FLK, yaani Frida Leakey Korongo. Msomaji ataona kwamba neno la mwisho ni la Kiswahili chetu, na majina mawili ya mwanzo ni ya yule mke aliyeachwa. Hapo Mary akaona mfupa umechomoza katika mteremko, na meno mawili makubwa. Alirudi mbio kwa gari kumwamsha mumewe, na mgonjwa akasahau homa yake.

Mara hii hawakung'oa. Walingoja mpiga picha afike, kisha wakachimba pole pole, wakachekecha mchanga, wakakusanya vipande kiasi cha 400, na Bi Mary akaviunganisha mpaka uso ukatokea: uso mpana, paji la nyuma, utosi wenye kigongo cha mfupa, na magego makubwa kuliko ya binadamu yeyote. Leakey akaupa jina la Zinjanthropus boisei. Sehemu ya mwisho ni heshima kwa Charles Boise, tajiri aliyesaidia gharama za uchimbaji. Ya mwanzo ina maana ya mtu wa Zinji, kwa jina la kale la Afrika ya Mashariki katika vitabu vya Waarabu. Jina hilo huko Basra lilibeba machungu ya watumwa walioasi katika karne ya tisa. Sasa limekwenda duniani kote katika magazeti kama jina la fahari.

Je, ana umri gani? Wenyewe walidhani kiasi cha miaka 600,000. Mwaka wa 1961 wataalamu wawili wa California, Evernden na Curtis, walilipima jivu la volkano lililokuwa pamoja naye ardhini. Katika jivu kama hilo mna madini ya potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka pole pole kuwa gesi ya agoni kwa mwendo usiobadilika. Ukijua gesi imekuwa ngapi, wajua jivu lilipoa lini. Jibu lilikuja: miaka 1,750,000. Dunia ilishangaa, lakini hakuna aliyeweza kusema kama Boswell. Tabaka lilikuwapo, picha zilikuwapo, mashahidi walikuwapo. Isnadi ilikuwa nzima.

Hata hivyo ulimi wa Leakey haukupoa. Alisema Zinji ndiye mchonga zana, na ndiye babu yetu. Kabla ya miaka miwili kupita, mwanawe Jonathan alipata karibu na hapo mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo. Mwaka wa 1964 Leakey na wenziwe wawili, Tobias na Napier, walimtangaza kwa jina la Homo habilis, yaani mtu mwenye mikono stadi. Zinji akasogezwa kando. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei, nao wamweka katika tawi la pembeni lililokauka bila ya kuacha kizazi. Alipewa lakabu ya mvunja kokwa kwa magego yake. Mwaka wa 2011 wachunguzi wa kemia ya meno ya jamaa zake wakaonyesha kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa nyasi na mimea ya majanini. Basi ona tofauti: fuvu lenye mahali pake kila likiulizwa swali jipya lajibu, na taya la Kanam limebaki bubu.

WALIOINAMA

Iko isnadi nyingine ambayo mara nyingi imekatwa, nayo ni ya majina ya watu. Taya la Kanam lilitolewa na Juma Gitau. Heselon Mukiri alifanya kazi na Leakey miaka mingi, naye alikuwa pamoja naye katika uvumbuzi wa Fort Ternan. Fuvu la Zinji lilikosa taya la chini. Mwaka wa 1964 Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeingia kazini kama kibarua, akaona huko Peninj, kando ya Ziwa Natron, taya la kiumbe wa aina ile ile. Baadaye, mwaka wa 1984, Kamoya huyo huyo akagundua mifupa ya mvulana wa Turkana, iliyo kamili kuliko yote ya zama zake. Vichwa vya magazeti vilimtaja Leakey. Macho yaliyoona mara nyingi yalikuwa ya hawa.

Leakey alikuwa na kipawa kimoja tusichoweza kumnyima, cha kuona uwezo katika watu ambao wengine hawakuwaona. Ndiye aliyempeleka Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe, karibu na Kigoma, mwaka wa 1960, wakati binti huyo hana shahada yoyote, na baadaye Dian Fossey kwa masokwe wa milimani. Katika siku zake za mwisho, mwanawe Richard, ambaye hawakuwa wakipatana sana, alimletea fuvu lililopatikana na Bernard Ngeneo mashariki ya Ziwa Turkana. Baba alilishika mikononi akafurahi. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1972, moyo wake ukasimama mjini London. Alizikwa Limuru, karibu na wazee wake.

Barazani, mzee aliuliza lile ambalo kila mmoja wetu huliuliza: na Nabii Adam je? Mimi si sheikh wa kutoa fatwa. Najua tu kwamba Zinji, hata kwa kauli ya wataalamu wenyewe, si babu wa mtu yeyote aliye hai. Alikuwa kiumbe miongoni mwa viumbe, akapita. Mengine wana wenyewe wa kuyasema, na kutembea ardhini na kutazama hakujakatazwa.

Wala si lazima twende mbali. Hapa Kilifi, katika pango la Panga ya Saidi, wachimbaji wa makumbusho yetu na wenzao walifukua kaburi dogo, na habari yake ikatangazwa mwaka wa 2021. Huyu alikuwa binadamu kama sisi, mtoto wa kiasi cha miaka 3, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Wakampa jina la Mtoto, kwa Kiswahili. Mifupa ilikuwa imelainika kama vumbi, hivyo waliitoa pamoja na udongo wake mzima kwa plasta, ili pasipotee hata alama moja ya namna alivyolazwa. Kwa sababu hiyo twajua leo kwamba alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa chake kiliegemezwa juu ya kitu laini, kama mto. Lau wangelimng'oa kwa haraka, kama nilivyokitoa mimi kigae changu kifusini, tusingelijua kwamba kulikuwa na mtu aliyemhurumia.